Kumtafuta Babu wa Karne ya 19: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Ukoo na Asili ya Jina Ukiwa Dar es Salaam

Wengi wanaoanza kutafuta asili yao hapa Dar huanza na jina la tatu kwenye kitambulisho. Wanaliandika mtandaoni, wanakutana na watu wa Kigoma, Lindi na Unguja wenye jina hilohilo, na utafiti unaishia hapo. Ushauri wangu ni kuliweka jina kando kwanza. Mtu aliyeishi pwani hii mwaka 1870 hakuwa na jina la ukoo kama tunavyolitumia leo. Alijulikana kwa jina lake na la baba yake, kwa mahali alipokaa, kwa mama aliyemzaa na kwa jambo lililompata. Fuata mahali, mama na tukio. Jina utakutana nalo njiani, na mara nyingi halitakuwa lile ulilolitarajia.

Kwanza ujue mji ulikuwaje

Kabla ya miaka ya 1860 hapa palikuwa na Mzizima, kijiji cha pwani, na vijiji vingine vya Wazaramo na Washomvi kama Msasani, Kunduchi na Mbwamaji. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga mji katika miaka hiyo ya 1860. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuuendeleza. Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo chake hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Maana yake kwako ni hii: mzee wako wa karne ya 19 ama alikuwa mwenyeji wa vijiji vile, ama alikuja. Kama alikuja, sababu zake si nyingi. Huenda alikuwa mpagazi wa misafara kutoka Unyamwezi. Huenda alikuwa mtumwa au mtoto wa mtumwa kutoka Manyema, Unyasa, Uyao au Ungindo. Huenda alikuja kama mfanyabiashara au mwenye shamba kutoka Oman, Hadhramaut, Ngazija, Kutch au Gujarati, au kama askari wa jeshi la Wajerumani aliyeandikishwa Misri au Msumbiji. Au alikuwa mkulima wa bara ya karibu, Kisarawe au Uluguru, aliyefuata kazi mjini. Ukishajua mzee wako aliingia kwa mlango upi kati ya hiyo, utajua makaratasi yake yako wapi, au kama hayapo kabisa.

Hatua ya kwanza: hesabu vizazi kabla ya kuuliza mtu yeyote

Chukua miaka 25 hadi 30 kwa kila kizazi. Tuseme bibi yako alizaliwa mwaka 1940. Baba yake alizaliwa karibu 1910, babu yake karibu 1880, na baba wa babu yake karibu 1850. Yaani bibi yako ni kitukuu wa mtu aliyemwona Sultani Majid akijenga, na inawezekana alilelewa na mtu aliyemjua kwa sura. Karne ya 19 iko karibu kuliko unavyodhani. Imebebwa na wazee wa miaka themanini na zaidi, na ndiyo sababu hatua inayofuata haisubiri likizo.

Hatua ya pili: wazee, na namna ya kuwauliza

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka. Usimpigie bibi simu ukamuuliza, "Ukoo wetu ulitokea wapi?" Swali hilo litakupa jibu alilozoea kulitoa kwa wageni: Shirazi, Yemen, Kongo, basi. Nenda kwake. Shikamoo, keti, peleka sukari na chai, msikilize habari za magoti yake. Omba ruhusa ya kurekodi na simu, na akikataa, andika baadaye ukishatoka.

Kisha uliza mambo madogo ambayo aliyaona yeye mwenyewe:

- Bibi, ulipokuwa mdogo, nani alikuwa mkubwa kuliko wote pale nyumbani? Alizikwa wapi?
- Shangazi zake waliolewa wapi, na mahari ilitoka kwa nani?
- Kwenye tambiko au hitima ya ukoo, majina gani yalitajwa mwanzo?
- Kwenye misiba yetu, watani walikuwa watu wa kabila gani?
- Alipokasirika au alipokuwa akiimba, alisema lugha gani?

Swali la tambiko lina uzito kuliko yote. Anayetambika huwaita wazee kwa majina, na mpangilio wa majina hayo hautunzwi mahali pengine popote. Kama ukoo wenu umeacha kutambika, mtafute mtu wa mwisho aliyehudhuria. Kwenye koo za Kiislamu, orodha ya marehemu wanaorehemiwa katika hitima inafanya kazi hiyohiyo. Watani nao wasidharauliwe. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi umejengwa juu ya mahusiano ya misafara, na mtani mzee anaweza kujua habari za ukoo wako ambazo ndugu zako wanazificha.

Sasa suala la mama. Wazaramo, Waluguru na Wakwere kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Uislamu, shule na fomu za serikali vimewafanya watu watumie majina ya baba, lakini mashamba ya zamani, makaburi na matambiko yalifuata wajomba. Mtu wa asili hiyo anayemfuata baba wa baba wa baba ataifikia familia, lakini atakuwa ameukosa ukoo. Mwulize mjomba, na mjomba wa mama. Uliza pia akina mama wakubwa, kwa sababu wao ndio waliokaa na wagonjwa na kusikia wosia.

Na kila mtu mwulize peke yake kabla hujawaweka pamoja. Wazee wawili wakikaa pamoja, mmoja hunyamaza kwa heshima ya mwenzake, na lile alilojua yeye tu linapotea.

Hatua ya tatu: geuza kumbukumbu kuwa miaka

Wazee wetu hawakuhesabu kwa kalenda ya ukutani. Walisema "alizaliwa wakati wa njaa" au "alikuwa anaota ndevu Mjerumani alipokuja". Ukiwa na matukio haya mkononi, kauli kama hizo zinageuka kuwa tarehe:

Kipindupindu kikubwa cha pwani na Zanzibar, 1869 hadi 1870. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu Unguja, Aprili 1872. Kufungwa kwa soko la watumwa Zanzibar, 1873. Vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889. Sotoka iliyomaliza ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyotangazwa mwaka 1897 na kulipwa kwa rupia. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilivyofika mpaka Uzaramo. Reli kutoka Dar kufika Morogoro, 1907. Waingereza kuingia Dar, Septemba 1916.

Uliza kila mara: alikuwa mtoto, kijana, au ameshaoa? "Alikuwa ameshaoa Wajerumani walipoanza kodi" inakupa mtu aliyezaliwa kabla ya mwaka 1880 au karibu na hapo. Lakini angalia neno njaa. Uzaramo ulipata njaa zaidi ya mara moja miaka ile ya 1890, basi mwulize kama njaa hiyo ilikuwa kabla ya kodi au baada yake.

Hatua ya nne: sasa lisome jina

Mpangilio wetu wa majina matatu, lako, la baba na la babu, unasogea kila kizazi. Tuseme mtu anaitwa Asha Ramadhani Mfaume. Mwanawe wa kiume anaweza kuitwa Salumu Juma Hamisi, na Mfaume ametoweka kwenye makaratasi kabisa. Jina "lililoganda" kwenye familia mara nyingi liliganda siku mtu mmoja alipoandikishwa shule, jeshini au bandarini. Tafuta nani aliligandisha. Huyo ndiye mwisho wa jina kwa upande wa nyuma, hata kama ukoo unaendelea zaidi.

Majina ya pwani yanaangukia katika mafungu, na kila fungu lina kiasi chake cha ushahidi.

Majina ya siku na miezi, kama Juma, Hamisi, Shabani, Rajabu na Ramadhani, yanaeleza pengine mtu alizaliwa lini. Hayasemi lolote kuhusu ukoo. Usijenge nasaba juu yake.

Majina ya cheo, kama Mwinyi, Diwani, Jumbe, na Pazi kwa Wazaramo, yana thamani kubwa kwa sababu cheo kina mahali. Uliza: jumbe wa kijiji gani? Ukipata kijiji, una pa kwenda.

Majina ya nisba, kama Barwani, Harthi, Busaidi, Mazrui, na ya Kihadhrami yanayoanza na Ba-, yanaonyesha kabila la Arabuni. Lakini karne ya 19 mtumwa aliyeachwa huru, na hata watoto wake, waliweza kubeba jina la nyumba iliyowamiliki. Nisba peke yake haithibitishi damu.

Majina kama Mabruki, Feruzi, Farjala, Baraka, Almasi, Songoro na Majaliwa yanaonekana sana kwenye orodha za wapagazi na watumwa wa wakati ule. Waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, wakiongozwa na Chuma na Susi, wamo humo. Ukiwa na jina la namna hiyo katika mstari wako, ni dalili ya kufuatilia. Si hukumu, kwa kuwa waungwana nao waliyatumia.

Majina ya ugeni, kama Mmanyema, Mnyasa, Mngazija, Mshihiri na Msudani, yalitolewa na majirani. Ni ya kuaminika kiasi kuhusu njia aliyojia, ila "Mmanyema" hapa mjini lilikusanya watu wengi wa mashariki ya Kongo ambao kwao walikuwa na makabila yao.

Kwa familia za Kihindi, jina la ukoo mara nyingi ni kazi, kama Soni kwa sonara na Darji kwa fundi cherehani, au ni jina la babu lililoongezwa mwisho wa -ani. Jumuiya yako, Khoja, Bohora, Bhatia au Goa, itakuonyesha njia kuliko jina, kwa sababu kumbukumbu za ndoa na vifo zimetunzwa kijumuiya.

Mfano mmoja wa hapahapa mjini unatosha kuonyesha jinsi jina linavyoweza kukupoteza. Jina la Sykes kila mzee wa Kariakoo analijua. Anayelifuata kama neno atafika Uingereza. Lakini historia ya familia hiyo, iliyokwisha kuandikwa, inamtaja Sykes Mbuwane, Mzulu wa Inhambane, Msumbiji, aliyekuja na jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann lililopigana na Abushiri. Mwanawe, Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Jina la ukoo la asili ni Mbuwane, na ndilo ambalo halikuendelea. Asili ya familia ilipatikana kwa kumbukumbu ya mahali na ya vita.

Hatua ya tano: sanduku la nyumbani na makaburi

Kabla hujapanda ngazi za ofisi yoyote, fungua sanduku la bibi. Tafuta hati za kununulia shamba na minazi, vyeti vya ndoa, kadi za zamani za kodi, wosia, karatasi za mirathi, na msahafu ambao mtu ameandika tarehe za kuzaliwa watoto kwenye kurasa za mwanzo. Mirathi ni hazina: inataja warithi wote, wake, watoto na mafungu yao. Hati nyingi za zamani zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kama huwezi kuzisoma, mpelekee mwalimu wa madrasa mwenye umri, na umkabidhi picha, hati yenyewe ibaki kwako.

Makaburi nayo husomeka vizuri asubuhi, jua likiwa chini na maandishi yakitupa kivuli. Usisugue jiwe, usimwage kitu juu yake. Piga picha jiwe zima, kisha maandishi, kisha makaburi ya jirani, maana jirani wa kaburini kwa kawaida ni ndugu. Kunduchi kuna makaburi ya zamani ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina, lakini hayo ni ya karne ya 18. Ya wazee wetu wa karne ya 19 mengi ni mawe ya kawaida au hayana jiwe, na mlinzi wa makaburi au imamu ndiye anayejua nani yuko wapi.

Tarehe ya Hijria igeuze hivi: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1287 unatoka karibu 1870. Mwaka 1312 unatoka karibu 1894. Kuna tofauti ya mwaka mmoja huku na huku, hivyo andika "karibu".

Hatua ya sita: makanisa na misheni

Hata kama familia yako ni ya Kiislamu leo, usiiruke hatua hii iwapo kuna fununu ya utumwa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 pamoja na kijiji cha waliokombolewa. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na kijiji cha Mbweni, Unguja, na mwaka 1876 wakapeleka kundi la walioachwa huru Masasi. Vitabu vya ubatizo vya misheni za Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini: tafuta majina ya wazazi na ya msimamizi. Kama safu ya wazazi iko tupu, mara nyingi mtoto alikombolewa akiwa peke yake, na hapo msimamizi na tarehe ndivyo vinavyobaki kukusaidia.

Mjini Dar, Walutheri wa Kijerumani walifika mwaka 1887 na baadaye wakawa na vituo Kisarawe na Maneromango. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yote yalikamilika mwaka 1902. Andika barua kwa ofisi ya parokia au dayosisi, eleza jina, miaka na uhusiano wako, kisha subiri. Vitabu hivyo ni vya kanisa na havifunguliwi kwa kila anayebisha hodi.

Hatua ya saba: nyaraka za serikali

Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Mafaili ya Wajerumani yaliyomo yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Uliza masharti ya kusoma mapema, nenda na kitambulisho, barua ya maelezo na penseli, na uulize kama kupiga picha kunaruhusiwa.

Usiende na swali la "familia yangu". Nenda na jina la kijiji, jumbe au kesi. Mtu wa kawaida aliingia kwenye faili alipogombana na serikali, alipouza ardhi, alipoajiriwa au aliposhtakiwa. Majina yameandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, basi yatafute hivyo: Juma ni Dschuma, Shabani ni Schabani, Yusufu ni Jussuf, Khamisi ni Chamis, Uzaramo ni Usaramo, na mji wenyewe ni Daressalam. Kwa mwandiko wa mkono wa kale wa Kijerumani utahitaji msaada wa mtu aliyefundishwa kuusoma.

Zanzibar ni muhimu kuliko watu wa Dar wanavyofikiri. Hadi Wajerumani walipofika, pwani hii ilikuwa chini ya Sultani, na Nyaraka za Zanzibar, zilizoko Kilimani, zina kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza zenye majina ya watumwa walioachwa huru kuanzia miaka ya 1860. Panda boti ukiwa tayari na majina na miaka.

RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, itakusaidia kwa ndugu wa miaka ya karibu tu, kwa sababu katika ukoloni wa Kiingereza sheria haikuwalazimisha Waafrika kwa jumla kuandikisha watoto waliozaliwa. Magazeti ya Kiswahili ya zamani, kama Kiongozi la Tanga, Pwani na Bara na Rafiki Yangu yaliyoanza mwaka 1910, na Mambo Leo kuanzia 1923, yanafaa ikiwa mzee alikuwa mwalimu, karani au Mkristo wa mwanzo.

Ukikutana na utumwa

Utakutana nao, upande mmoja au mwingine. Sikiliza maneno ya kufunika: "alilelewa na Waarabu", "alikuja na msafara", "alikuwa mtu wa nyumba ile". Usimlazimishe mzee kutamka lile ambalo mama yake alimkataza. Mwambie unajua kwamba hakuna aibu katika kuibiwa, na umwache aamue mwenyewe. Na ukigundua kwamba babu yako ndiye aliyemiliki watu, liandike kama lilivyo. Majina ya watu wake yaandike pia, kwa kuwa wajukuu zao wako mjini humuhumu wakiyatafuta.

Kisheria, Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mara moja. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na kwa amri ya mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Waingereza walikuja kuufuta Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 1895 aliweza kuwa na hati ya uhuru, na hati hiyo inataja jina lake. Iulizie sandukuni.

Kuandika ulichokipata

Tumia daftari moja lenye safu nne: habari, aliyesema au karatasi ilikotoka, tarehe uliyoipata, na kiwango cha uhakika. Jambo lililosemwa na watu wawili ambao hawakuambiana lina nguvu. Lililosemwa na watu watano waliolisikia kwa mzee mmoja ni ushahidi mmoja tu. Hadithi mbili zikipingana, ziandike zote mbili, kila moja na jina la msemaji. Vipimo vya vinasaba vinaweza kukuonyesha kanda au ndugu wa mbali, lakini havitakupa jina wala kijiji, na matokeo yake yanawahusu ndugu ambao hawakuulizwa, basi zungumza nao kabla.

Ukikwama kwa mzee mwenyewe, mfuate dada yake: aliolewa wapi, watoto wake waliitwa nani, nani walirithi shamba lake. Kizazi cha dada mara nyingi kilibaki kijijini wakati kaka alihamia mjini, na ndicho chenye kaburi na jina la zamani.

Mambo ya walio hai usiyaweke mtandaoni bila idhini yao. Chapisha nakala mbili, moja kwa upande wa baba, moja kwa upande wa mama, na kwenye kila moja acha kurasa tupu za kutosha mwishoni kwa ajili ya wale ambao bado hujawauliza.